Mchumba Wangu wa Pune Amempelekea Chai Mwanamume Mwingine



*Mimi ni kijana wa miaka 29, Mluguru wa Morogoro. Nilisoma shahada ya pili Pune, India, na huko nikampata msichana ambaye mpaka leo moyo wangu haujamtoka. Ni Mhindu, Mmarathi, ana miaka 26, kazi yake ni ya kompyuta. Tulikuwa pamoja miaka miwili. Tangu nirudi nyumbani mwaka jana tunazungumza kwa simu kila siku.*

*Mwezi uliopita aliniambia kwamba kwao walikuja wageni kumwangalia. Alivaa sari, akabeba sinia la chai na chakula, akaketi mbele ya kijana na wazazi wake, wakamhoji. Anasema amemkataa, lakini kuna mwingine anakuja. Nikimuuliza kama amewaeleza wazazi wake habari zangu, jibu ni lile lile: "Bado, nipe muda." Muda gani tena?*

*Rafiki zangu wanasema napotezewa wakati, kwamba Wahindi hawamwozeshi binti yao mtu mweusi. Mmoja ananishauri nipande ndege nikabishe hodi kwao. Mwingine anasema tukafunge ndoa ya serikali, wazazi waambiwe baadaye. Mjomba aliposikia kwamba kule upande wa mwanamke ndio unaotoa mahari, alicheka akasema, "Basi safari hii tumepumzika, tutapokea sisi." Mama yangu hasemi kitu.*

*Je, nadanganywa? Nifanye nini?*

*Mwenye Moyo Mzito, Morogoro*

Mwanangu,

Naona sinia la chai ndilo lililokuchoma kuliko yote, kwa hiyo nianze nalo. Habari hiyo hukuletewa na mtu. Amekwambia mwenyewe, ilhali wewe uko Morogoro na angetaka kukuficha asingepata taabu yoyote. Mwanamke anayekuchezea hakupigii simu kukueleza alivyovaa siku alipotazamwa na mwingine.

Kikao kile kwa Wamarathi kina jina lake: kande pohe. Kimeitwa hivyo kwa sababu ya chakula chake, nawe uliyekaa Pune bila shaka umekila asubuhi nyingi. Ni mchele uliopondwa ukawa bapa, ndugu wa pepeta zetu, uliopikwa kwa vitunguu, haradali, manjano na pilipili mbichi, juu yake kotmiri na nazi iliyokunwa, na kipande cha limau pembeni ya sahani. Wageni wa upande wa kijana huja, mara nyingi Jumapili: baba, mama, labda na shangazi mwenye macho makali. Binti huitwa, anatoka jikoni na sinia, anawaanza wakubwa. Kisha anaketi. Ataulizwa amesoma nini, analipwa vizuri au vipi, anajua kupika, ataendelea na kazi akishaolewa? Siku hizi wawili wale huachiwa dakika chache wazungumze wenyewe barazani, huku sebuleni watu wakijifanya hawasikilizi. Wageni wakiondoka, jibu huja baada ya siku kadhaa, na aghalabu huletwa na mtu wa kati.

Kubeba sinia hilo siyo kuposwa. Posa ina siku yake, wanaiita sakharpuda, ambapo upande wa kijana humpa binti sari na sukari iliyofungwa kwenye karatasi ya kumetameta. Kabla ya siku hiyo, binti anaweza kukaa vikao vingi na hakuna anayesema ameharibu jina. Lakini kukataa nako kuna gharama yake. Wa kwanza akikataliwa, wazazi hunyamaza. Wa pili akikataliwa, wanataka sababu. Akifika wa tatu, mama anaanza kuitazama simu ya binti yake kwa jicho jingine. Mchumba wako ameshakataa mmoja kwa ajili yako, na amekataa bila kulitaja jina lako. Hebu fikiria alisema nini pale mezani baba yake alipomuuliza, "Huyu ana kasoro gani?"

Sasa nikueleze kwa nini jina lako limekwama.

Ndoa nyingi za India mpaka leo huanzia kwenye karatasi. Wenyewe wanaiita biodata: ukurasa mmoja wenye jina, tarehe ya kuzaliwa, saa na mahali pa kuzaliwa, kimo, rangi ya ngozi, elimu, mshahara, kazi ya baba, ndugu wangapi wameoa na wangapi bado, na pale katikati tabaka na gotra, yaani ukoo wa asili. Karatasi hiyo hupita mikononi mwa shangazi na majirani, huchapwa kwa ufupi kwenye magazeti ya Jumapili, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imehamia kwenye tovuti za kutafutia wachumba. Saa ya kuzaliwa ina kazi yake. Kwayo huchorwa kundali, mchoro wa nyota, na wa binti na wa kijana hulinganishwa kwa pointi 36. Zikifika 18 watu hupumua. Zikipungua, au Mirihi ikikutwa kwenye nyumba isiyotakiwa, wapo wazazi watakaoliacha jambo hapo hapo, hata kama vijana wamependana.

Jaza karatasi hiyo wewe, mwanangu. Gotra utaandika nini? Tabaka utaandika lipi? Hata Wahindi wenyewe kwa wenyewe hawavuki kirahisi: utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika India mwaka 2011 na 2012 ulikuta kwamba ndoa za watu wa matabaka tofauti ni kama 5 tu katika kila 100. Hao wengi wao wana lugha moja na dini moja. Wewe huna mlango kwenye karatasi ile, na ndiyo maana binti hajui aanzie wapi. Jina lako haliwezi kuingia nyumba ile kwa biodata. Litaingia likiwa mdomoni mwa mtu ambaye wazazi wake wanamheshimu, na mtu huyo bado hajapatikana. Kwangu hilo ndilo tatizo lako lote, na mapenzi hayamo.

Usidhani mapenzi ni kitu kigeni kwao. Katika utenzi wao wa kale, Mahabharata, Damayanti anamchagua Nala mwenyewe mbele ya wafalme, ingawa miungu imejigeuza sura ikafanana naye. Vitabu vyao vya kale vya sheria vinahesabu aina nane za ndoa, na mojawapo, gandharva, ni ya wawili waliopendana bila kumngoja mzazi. Ndoa ya namna hiyo ndiyo anayoisimulia mshairi wa kale Kalidasa katika hadithi ya Shakuntala: mfalme anamwoa msichana msituni, anamwachia pete, anarudi mjini kwake na anamsahau. Shakuntala anafika kwenye baraza la mfalme ana mimba, pete imepotea, na hakuna mtu aliyeshuhudia ndoa ile. Wahindi wamekua na hadithi hiyo kwa karne nyingi. Wanayajua mapenzi vizuri sana, na wanaogopa mapenzi yasiyo na shahidi.

Najua pia filamu za Kihindi zilitulea wengi wetu. Ile ya Shah Rukh Khan na Kajol ya mwaka 1995, Dilwale Dulhania Le Jayenge, ilioneshwa katika jumba la Maratha Mandir mjini Mumbai kwa zaidi ya miaka 20 mfululizo. Nakutajia hiyo kwa sababu ya jambo moja: mama wa binti anawaletea vito vyake wakimbie, na kijana anakataa. Anasema atamchukua kwa mkono wa baba yake au hamchukui. Vijana wa India waliipenda filamu yenye kijana wa namna hiyo kuliko mamia ya filamu za watu waliotoroka. Ila usijifananishe naye moja kwa moja. Yule alikuwa Mpunjabi mwenzao, na kizuizi chake kilikuwa ahadi ya baba kwa rafiki yake. Mzigo wako ni mkubwa zaidi, na lazima tuutaje.

Rafiki zako wametaja rangi. Wamekosea kusema haiwezekani, maana ndoa za Waafrika na Wahindi zipo. Hawakukosea kusema rangi inatazamwa. Kwenye matangazo ya wachumba utasoma "mweupe" na "rangi ya ngano" kana kwamba ni cheti cha shule. Krimu ya kung'arisha ngozi iliyouzwa zaidi kule ilikuwa na neno la weupe kwenye jina lake mpaka mwaka 2020, lilipoondolewa kwa aibu. Na huenda ulishasikia habari za mwaka 2016, binti wa Kitanzania, mwanafunzi, alipopigwa na kundi la watu Bengaluru kwa kosa lililofanywa na mtu mwingine kabisa, wa nchi nyingine kabisa. Yaliniuma na yanaendelea kuniuma. Kwa hiyo mchumba wako anaposema "nipe muda," inawezekana anakukinga na maneno ambayo anajua yatasemwa sebuleni kwao siku ya kwanza. Mwambie asikufiche. Mwambie unataka kuyajua kabla hujayasikia kwa masikio yako. Lakini usikubali kuiombea msamaha ngozi yako, si kwake wala kwa wazazi wake.

Basi ufanye nini? Ile safari ya ndege ya kwenda kubisha hodi, iache. Morogoro hungethubutu kwenda peke yako mlangoni kwa watu ukasema, "Nimekuja kumchukua binti yenu." Ungemtafuta mshenga, na barua ya posa ingetangulia. Kwa nini heshima unayowapa watu wa Kilosa uwanyime watu wa Pune?

Mshenga wenu lazima atoke ndani ya nyumba ile, na ni yeye binti anayemjua. Kwa Wamarathi ningemtazama kwanza mjomba, kaka wa mama. Siku ya harusi ndiye anayemleta bibi harusi kwenye mandap, banda la ndoa, anasimama nyuma yake wakati pazia limeshikwa kati ya maharusi na mchele unarushwa. Ninyi Waluguru hamhitaji kufundishwa uzito wa mjomba. Kama mjomba hafai, yupo mama mdogo, au wifi aliyeolewa kwa mapenzi naye akapigania ndoa yake, au binamu aliyesoma nje. Mara nyingi nyumba ina mtu mmoja ambaye baba hawezi kumkatiza akiongea.

Acha kumuuliza mchumba wako kama anakupenda. Umeshauliza mara nyingi, na swali hilo linamchosha bila kumsaidia. Muulize hivi: "Nani nyumbani kwenu analijua jina langu?" Kama yupo, hata kama ni mdogo wake tu, mna pa kuanzia. Kama hayupo, muulize angemwambia nani kwanza, na amwambie lini. Hiyo "lini" mpangie kwa kalenda yao. Kuna miezi minne, Chaturmas, inayoanza karibu na Julai, ambayo Wahindu wengi wa Maharashtra hawafungi harusi. Baada ya sikukuu ya Tulsi Vivah, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, msimu wa harusi hufunguka. Miezi hiyo minne harusi zimelala lakini wazazi hawalali: ndipo biodata zinapozunguka na masinia yanapobebwa, ili msimu ukifunguka kila kitu kiwe tayari. Mtu wenu aambiwe kabla ya Tulsi Vivah. Baada ya hapo kila wiki itakuwa na shinikizo jipya, na binti akichoka anaweza kukubali mtu asiyemtaka kwa sababu tu hana nguvu tena ya kusema hapana.

Kuna swali jingine, na hili uliulize kwa upole, ukiwa tayari kwa jibu lolote: je, anaogopa wazazi watalia na kununa, au anaogopa mwili wake utadhuriwa? Hayo ni mambo mawili tofauti. Nyumba nyingi za mjini kama Pune zitalia, zitagoma kula, mama atapandisha presha, na baadaye watazungumza. Lakini India ina nyumba ambazo binti ameuawa na baba au kaka zake kwa kumpenda mtu wasiyemtaka. Akikuambia anaogopa ya pili, usimsukume aseme lolote nyumbani. Shauri lianze upya, na yeye ndiye aliongoze.

Mjomba wako naye namjia, na kwa heshima zote nitasema wazi. Kicheko kile kisirudiwe, hasa karibu na simu. Mali inayotolewa na upande wa mwanamke imepigwa marufuku India tangu mwaka 1961, kutoa na kupokea, na sheria yenyewe haijali inatoka upande gani kwenda upande gani. Desturi imeendelea kwa majina ya zawadi: gari, dhahabu, friji, ada ya shule ya bwana harusi. Na pale ambapo wakwe wanaona wamepewa kidogo, wanawake wanateswa. Mwaka 2022 peke yake, takwimu za polisi wa India zilionesha vifo zaidi ya 6,000 vya wanawake vilivyohusishwa na madai ya mahari. Baba wa binti yule amekuwa akiweka akiba kwa hofu tangu siku mwanawe alipozaliwa. Kama kuna kitu kimoja kitakachomfanya akutazame mara mbili, ni wazee wako kusema mapema, bila kuulizwa, kwamba hawataki kitu.

Na upande wetu pia mwe waangalifu. Wazee wako wakifika na bahasha ya mahari kama tulivyozoea, wazazi wale wanaweza kusikia kwamba mmekuja kumnunua mtoto wao. Mshenga awaeleze kwanza kwamba kwetu ni heshima kwa mama aliyelea, halafu waseme wenyewe wanapokea nini. Nazi, sari na sukari havijamkera mtu.

Kuhusu ndoa ya serikali: rafiki yako anadhani ni siri. Siyo. Kwa kuwa wewe si Mhindu, sheria ya ndoa ya Wahindu ya 1955 haikuhusu. Mtafungishwa kwa Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954, ambayo haidai mtu abadili dini. Mmoja wenu lazima awe amekaa wilaya ile siku 30, halafu mnatoa notisi, na notisi hiyo inabandikwa ofisini siku 30 nyingine ili mwenye pingamizi alete. Binamu mmoja akipita pale akasoma, baba anajua jioni ile ile, na anakuwa ameisikia habari yako kwa namna mbaya kuliko zote. Wewe kama mgeni kwa kawaida utadaiwa pia hati ya ubalozi wetu New Delhi kwamba huna ndoa nyingine. Usikubali njia ya mkato ya kubadili dini kwa karatasi. Majimbo kadhaa, Uttar Pradesh likiwemo, yametunga sheria kali juu ya kubadili dini kwa ajili ya ndoa, na hata pasipo sheria hizo, kuingia dini ya watu kwa kuwahadaa ni kuwatukana.

Hata hivyo, mlango huo wa serikali haujafungwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ilisema wazi kwamba watu wazima wawili wakikubaliana, ridhaa ya ukoo au ya wazee wa kijiji si sharti. Binti ana miaka 26. Kama mshenga atakwenda, na atarudi, na atakwenda tena, na nyumba ikikataa kata kata, yeye ana haki ya kuamua, na sheria iko upande wake. Ila aamue yeye. Wewe ukishinda utakuwa umepata mke. Yeye anaweza kupata mume akampoteza mama, angalau kwa miaka. Usimhimize kulipa gharama ambayo wewe hulipi.

Na akishindwa kukutajia hata mtu mmoja? Ikapita Tulsi Vivah, ukapita msimu mzima, bado ni "nipe muda"? Hapo, mwanangu, nitakwambia umuache aende, na umuache bila matusi. Inawezekana anakupenda kweli na hana ujasiri huo. Kuna watu wengi wa namna hiyo, na India si nchi pekee iliyo nao.

Lakini tuseme amempata. Tuseme ni mama yake mdogo, na amekubali kuongea nawe kwa simu. Msalimie kwa namaskar, mpe heshima ya mkubwa, ongea Kimarathi kile kidogo ulichokiokota sokoni hata kama kimevunjika. Atakuuliza kazi, kipato, unakula nini, unakunywa au hunywi, watoto watafuata dini gani, binti akija Morogoro atafanya kazi gani na atarudi kwao kila baada ya muda gani. Uraia pia ataulizia, kwa sababu nchi yake hairuhusu uraia wa nchi mbili wala yetu hairuhusu kwa watu wazima. Yote hayo mkae mkubaliane ninyi wawili kabla ya simu hiyo, maana akisikia majibu mawili tofauti atakata tamaa nanyi.

Halafu atauliza habari za mama yako. Lazima atauliza, kwa kuwa kule binti haolewi na kijana peke yake, anaingia mikononi mwa mama mkwe, na mateso mengi wanayoyajua yametoka huko. Wewe umeniandikia kwamba mama yako hasemi kitu. Nenda kwake wiki hii, kabla hujampigia mtu yeyote Pune. Mwoneshe picha ya binti. Mwambie hali nyama kama hali, mwambie anamwogopa baba yake, mwambie amemkataa mtu kwa ajili yako. Muulize anachoogopa yeye, na umsikilize mpaka amalize. Kisha muulize kama siku ya simu hiyo atakuwa tayari kukaa karibu nawe na kumsalimia mama mdogo wa watu kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili, nawe umtafsirie.